Kabla ya Bunduki, Daftari



Msimu wa kuwinda katika nchi yetu ya Tanzania hufunguliwa mwezi wa Julai. Huku kwetu kando ya Bonde la Kilombero, mwezi huo maji ya masika yamekwisha kurudi mtoni, majani yameanza kukauka, na mnyama huonekana kwa mbali. Kwa hiyo mwenye bunduki huanza matayarisho mapema: husafisha bunduki, hunoa visu, hununua chumvi ya kukaushia nyama. Leo nataka tuseme juu ya matayarisho hayo, maana naona wengi wetu tunaanza mahali pasipo. Tunaanza na bunduki, nayo ilipasa kuwa ya mwisho. Nami nitatangulia na kosa langu mwenyewe, asije mtu akasema karani anawahubiri wenzake tu.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Juni, alikuja ofisini bwana mmoja wa jumuiya yetu. Alikuwa na bunduki ya halali na leseni ya nyati mmoja. Sherehe ya Kipaimara ilikuwa karibu, na Askofu alikuwa anakuja. Akaniambia, "Mwalimu," maana nilisomea ualimu na wengi bado huniita hivyo, "nyati mmoja ataishia kwa watu wa kwangu. Niandikie barua yenye muhuri wa parokia, useme nyama ya wa pili ni ya sherehe ya Kanisa. Askari akiuona muhuri hatanizuia."

Niliandika. Nikapiga na muhuri. Nilijiambia kwamba ni mnyama mmoja tu, na pori ni kubwa.

Siku ya kukata nyama, akina mama waliokuwa kazini waliacha visu. Nyati wa pili alikuwa jike, tena mwenye mimba, na ndama alikuwa amekwisha kuota manyoya. Hakuna aliyesema neno. Mama mmoja mzee alimfunika ndama yule kwa jani la mgomba, akanawa mikono, akaenda zake nyumbani. Kwenye sherehe hakuonekana. Sisi wengine tulikula.

Mwaka uliofuata bwana yule akaja tena na ombi lile lile. Nikakataa. Akanikumbusha barua ya kwanza, nami sikuwa na jibu. Jioni nilikwenda kwa Padre Paroko nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Uongo wako uliufikisha kwa serikali kwa mkono wako. Basi na kweli uipeleke kwa mkono huo huo." Asubuhi nikapanda baiskeli mpaka ofisi ya wanyamapori.

Wazee wetu bado humwita ofisa wa kazi hiyo Bwana Nyama. Nilidhani atanifokea. Badala yake alifungua daftari lake, akaniuliza, "Karani, mkibatiza watoto 50 nawe ukaandika 40, mwaka wa Komunyo ya Kwanza utatayarisha nafasi ngapi?" Nikasema, 40. "Na watoto watakuja wangapi?" Nikasema, 50. Akasema, "Kwangu ni vibaya zaidi. Wewe utapata watoto wengi kuliko hesabu yako, utaongeza mabenchi. Mimi nikisoma waliouawa ni wachache, nafikiri waliobaki ni wengi, natoa leseni nyingi. Mwisho tunakwenda porini sote, hatukuti kitu." Kisha akaandika: nyati jike mmoja. Akaandika na jina langu.

Nilipata onyo la maandishi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo katika saraka ya meza hii. Bwana yule alinyimwa leseni mwaka ule, na tangu siku hiyo hanisalimu. Sikumwomba Bwana Nyama amhurumie, wala sikumwonya mwenzangu kabla ya kwenda kusema. Hilo nalo ni deni langu.

Sasa, msomaji, tazama jambo lenyewe. Leseni si kibali cha kuua tu. Ni mstari mmoja katika hesabu ndefu. Wanyama huhesabiwa, hutazamwa ni wangapi wanaoweza kuondolewa bila kizazi kupungua, ndipo mgao hutolewa: mnyama gani, wangapi, mahali gani. Na wakati nao una maana yake. Wanyama wengi wala majani huzaa mvua zinapoleta majani mabichi. Pori linapofungwa kwa miezi kadhaa, mama hupata nafasi ya kunyonyesha. Mtu akiongeza mnyama mmoja kwa siri, hakuiba mmoja tu. Ameharibu hesabu, na mgao wa mwaka ujao utajengwa juu ya uongo wake.

Wako wasemao, "Afadhali uwindaji wote ufungwe." Jirani zetu wa Kenya waliufunga mwaka 1977. Hata hivyo, wataalamu waliohesabu wanyama wa mbuga za nchi ile waliona kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 walipungua kwa kiasi cha asilimia 68. Watu na mifugo wameongezeka, mashamba yamepanuka, na mitego haikukoma. Wengine husema, "Uwindaji uwe wazi, ada za leseni zitawalinda wanyama." Sisi tuliusimamisha mwaka 1973, tukaufungua tena mwaka 1978. Na ni kweli ada husaidia: hulipia ulinzi, na mahali ambapo vijiji vimeungana kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, sehemu ya fedha za wawindaji wageni hurudi vijijini. Lakini uwindaji wa halali ukiwa wazi, tembo wetu walishuka kutoka kiasi cha 109,000 mwaka 2009 hata kiasi cha 43,000 mwaka 2014, kwa mikono ya majangili wa pembe.

Basi kufunga peke yake hakutoshi, na kufungua peke yake hakutoshi. Kalenda haina mikono. Hulinda pale tu ambapo watu wa mahali pale wanaiheshimu hesabu, hata wasipoonwa na askari.

Kwa hiyo, ndugu uliye na bunduki, fuata utaratibu huu. Kwanza nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, uulize kama eneo lenu limefunguliwa mwaka huu. Mipaka hubadilika. Sehemu kubwa ya lile lililokuwa Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Njia aliyopita baba yako kwa haki, wewe ukiipita unaweza kuwa mhalifu.

Pili, soma leseni yako neno kwa neno. Usipojua kusoma, njoo kwa karani, hiyo ni kazi yetu. Tatu, jifunze kutofautisha dume na jike kabla hujaingia porini. Sheshe, yule paa wa bonde letu, hana shida: dume ana pembe, jike hana. Lakini nyati wote wana pembe. Dume aliyekomaa ana pembe nene zilizokutana utosini kama kofia ya jiwe. Za jike ni nyembamba. Ukiwa na shaka, shusha bunduki. Nne, ijaribu bunduki yako kwa shabaha mahali panaporuhusiwa, maana nyati aliyejeruhiwa akaachwa atamngoja njiani mtoto wa mwenzako aendaye shule.

Tano, kumbuka Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Inakataza kuwinda kwa sumu, kwa mashimo, kwa mitego ya nyaya, kwa moto, na kuwinda usiku. Waya haujui dume wala jike, wala haujui mwezi wa Julai. Humkamata yeyote apitaye, na mara nyingi mwenye waya haji kumtazama, nyama ikaoza. Sita, ukiua, andika katika leseni siku ile ile, na ikiisha muda wake uirudishe. Hapo ndipo msimu wako umekwisha.

Na wewe usiye na bunduki, usidhani haya hayakuhusu. Mimi nami sina bunduki. Nilikuwa na kalamu na muhuri, navyo vilimwua nyati yule sawasawa na risasi. Mwenye sahani naye ana sehemu yake. Nyama ya porini ikiletwa mlangoni usiku katika mfuko, usiulize bei, uliza leseni. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yaliyosajiliwa, kwa hiyo mwenye hamu ya nyama hiyo anayo njia ya kuipata mchana kweupe.

Mafundisho haya si mapya. Wazee wetu walikuwa na miiko. Ukoo mmoja haukula mnyama huyu, ukoo mwingine haukumgusa yule, na kwa njia hiyo kila mnyama alikuwa na watu wa kumwacha. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamkataza mtu aliyekuta kiota kuchukua mama pamoja na makinda yake. Na Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliahidi kule Arusha kwamba nchi yetu itawatunza wanyama hawa kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Wajukuu hao ndio hawa ninaowaandika katika daftari la ubatizo kila mwezi.

Mwaka huu Kipaimara tutakula maharage na mbuzi wa jumuiya. Yule mama mzee nimekwisha mwalika, naye amekubali kuja. Yule bwana nimemwalika pia. Nimekwenda kwake mara mbili sikumkuta, au labda alikuwamo ndani. Nitakwenda mara ya tatu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.