Pasaka, mvula na kisiwa

Wamama wenzetu, juma hili tunaongea juu ya kupumzika. Tunajua wengine watacheka: mama wa Butembo atapumzika wapi, na njia ya Goma vile iko? Sisi tulipita upande wa Kasindi. Ukivuka Mpondwe, Bakonzo wanakujibu kwa lugha karibu sawa na Kinande yetu. Halafu ni Kasese, Mbarara, mpaka Kabale. Toka hapo ziwa Bunyonyi ni mwendo mfupi wa gari, na mtumbwi unakufikisha kwenye kisiwa.

Ziwa lile lina visiwa 29, na kwa vichache kuna nyumba ndogo za wageni. Watalii wanajaa mwezi wa 6 mpaka wa 8, na tena Desemba. Mwezi wa 4 mvula inanyesha, vyumba vinabaki wazi. Sasa angalieni kalendari ya shule: mara nyingi vakansi ya Pasaka inaanguka palepale. Njo maana mama anaweza kuomba bei ipunguzwe bila haya, zaidi kama familia mbili tatu zinakuja pamoja. Tuliomba, wakapunguza. Tuliomba pia kuingia jikoni tujipikie bugali. Hapo walikataa, na mmoja wetu alinuna siku nzima. Lakini walifanya vizuri. Mama akipewa jiko hajapumzika, amehamisha kazi tu.

Hakuna mamba wala kiboko. Lakini maji yanakuwa marefu haraka, na ziwa liko juu, karibu meta 1.960, kwa hiyo ni baridi: bebeni masweta. Mbele ya kulipa mtumbwi, ulizeni kama jile za watoto ziko. Wakionyesha za wakubwa tu, tafuteni mwingine.

Ila kilichotusukuma kuandika ni usiku. Toka 2014, watoto wengi wa upande wa Beni wanalala sikio moja likiwa macho. Usiku wa kwanza mvula kubwa iligonga mabati, na kijana wetu wa miaka 9 akasimama, akatafuta viatu vyake gizani. «Tunakimbia?» Mama yake akamwambia ni mvula. Hakuamini, alikaa kwenye mlango mpaka karibu asubuhi, na mama alikaa naye. Usiku wa pili alivua viatu lakini akaviweka karibu na kichwa. Usiku wa tatu mvula ilirudi, na ni sisi tulienda kumwamsha, jua likiwa limepanda, chai imepoa.

Vikundi vyenye vinataka kwenda Pasaka hii waanze likelemba sasa. Mtoto anayesafiri na shangazi au mukaka abebe barua ya wazazi wake, na karatasi za mpaka ziulizwe mapema. Kwa Beni–Kasindi, ulizeni kwanza wenye magari habari ya njia, na muondoke asubuhi.