Thina nyingi, rangi kiduchu: Mwenye gari hulipia hewa

UCHAKACHUAJI wa mafuta uliitikisa Tanzania hadi mwaka 2010 Serikali ikaanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Katika bajeti ya 2011/12, ushuru wa mafuta ya taa nao ukapandishwa ili kupunguza pengo la bei lililokuwa likiwashawishi wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli.

Somo lake ni rahisi. Vimiminika viwili vikichanganyika bila kuonekana kwa macho, na kimoja kikawa na bei ndogo, atatokea wa kuvichanganya. Kwenye mafuta Serikali ilikuwa inapoteza kodi, ikachukua hatua. Kwenye rangi ya gari hasara ni ya mwenye gari peke yake, na hakuna vinasaba vya kumwumbua anayezidisha thina.

Suala hili linamgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo kuliko mwenye gari la kutembelea. Pikapu inayobeba mbolea, Canter inayosomba samaki wenye barafu na trela la trekta linalolala nje masika yote hutegemea rangi kama nyumba inavyotegemea bati. Mbolea na chumvi hula chuma haraka. Rangi ikiwa nyepesi, kutu huanza chini yake kabla mwenye chombo hajarudisha fedha alizotumia.

Thina ina kazi yake

Si kweli kwamba kila fundi anayetia thina ni mwizi. Rangi ikiwa nzito haipulizwi vizuri, na bodi hutoka na vinundu kama ganda la chungwa. Kazi ya thina ni kuilainisha rangi ipite kwenye mashine na kutandazika, kisha iruke hewani. Kinachobaki kwenye bati ni rangi yenyewe.

Kiasi hutegemea aina ya rangi. Zile za zamani za kukauka kwa hewa, ambazo hazitumii hadina, zipo zinazokubali thina nusu kwa nusu. Zile za kuchanganya na hadina kwa kawaida huhitaji asilimia 10 hadi 20 tu, na hadina yenyewe hupimwa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo: nyingine sehemu mbili za rangi kwa moja ya hadina, nyingine nne kwa moja. Hadina haikisiwi kwa jicho, kwani ndiyo inayoifanya rangi iwe ngumu.

Hesabu ya nafuu

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, rangi ya Sh40,000 kwa lita na thina ya Sh8,000 kwa lita. Katika kila lita ya rangi hiyo, mililita 400 ndizo zitakazobaki kwenye bati.

Fundi wa kwanza anatia thina asilimia 20. Anapata lita 1.2 kwa Sh41,600, yaani takriban Sh34,700 kwa lita ya mchanganyiko. Wa pili anatia lita nzima ya thina. Anapata lita mbili kwa Sh48,000, sawa na Sh24,000 kwa lita. Kwa macho ya mteja, wa pili ana nafuu ya karibu theluthi moja.

Lakini mililita za kubaki kwenye bati ni zilezile 400. Kwa fundi wa kwanza kila mililita imegharimu Sh104. Kwa wa pili Sh120. Kama wote watapuliza idadi ileile ya mikono, rangi ya fundi wa pili itakuwa pungufu kwa asilimia 40 ya unene. Ili afikie unene wa mwenzake, itambidi aongeze mikono, jambo ambalo bei aliyokubali haimruhusu kulifanya.

Hapo ndipo mteja anayebana bei mpaka mwisho anapojidanganya. Fundi hawezi kupunguza bei ya kopo dukani wala kodi ya eneo lake. Anachoweza kupunguza ni rangi.

Shinikizo hilo huongezeka mafuta ghafi yanapopanda, kama ilivyokuwa mwaka 2022 pipa lilipovuka Dola 100 za Marekani baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Viambato vingi vya thina hutokana na mafuta hayo. Thina ikipanda, kishawishi cha kutumia petroli au thina isiyojulikana hukua.

Ubaya wa thina ya namna hiyo haumo katika kiasi tu. Thina nyingi za bei ndogo zina spiriti, na spiriti hushindana na rangi kuitumia hadina. Matokeo yake rangi hubaki laini na kupoteza mng'ao mapema. Pwani, kwenye unyevu mwingi, thina inayokauka upesi huweza kuifanya rangi ipige ukungu mweupe.

Nini kifanyike

Mwenye chombo anaweza kujilinda bila kugombana. Atenganishe bei ya vifaa na ya ufundi, anunue rangi, hadina na thina ya aina moja zikiwa kwenye makopo yaliyofungwa, na uwiano upimwe kwa chombo chenye alama mbele yake.

Vyama vya msingi na vikundi vya wasafirishaji vinaweza kwenda mbali zaidi. Kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi juu ya bati kikinunuliwa kwa pamoja, malipo ya mwisho yanaweza kufungwa na kipimo badala ya mng'ao wa siku ya kwanza.

Kwa upande wa mamlaka, thina inayouzwa kwenye chupa za maji bila lebo haistahili kuachwa. Anayeumia si mteja pekee. Mvuke wa hadina huweza kumsababishia fundi pumu, na kitambaa puani hakiuzuii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo; kinachohitajika ni ifike hadi chini ya mwembe, ambako magari mengi ya mizigo hupakwa rangi.