Sahihi na Kigango

Mnamo Desemba 2010, karatasi mbili zilizopigwa chapa zilinadiwa jijini New York kwa dola milioni 4.3. Zilikuwa kanuni 13 za mpira wa kikapu alizozitunga James Naismith mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, na kuzitia sahihi. Mnunuzi hakulipia uzuri wa karatasi. Alilipia ile sahihi, pamoja na ushahidi kwamba karatasi zilitoka kwa familia ya mwasisi mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa mipira yenye sahihi ya George Mikan, nyota wa Minneapolis Lakers katika miaka ya mwanzo ya NBA: isipojulikana ilikotoka, mkusanyaji makini haigusi.

Ajabu ni kwamba umakini huu haukuvuka bahari. Katika vijiji vya Kilifi, Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Mijikenda husimamisha kigango kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Ni ubao wa mti mgumu, wenye nakshi za pembetatu. Hutambikiwa, humiminiwa tembo la mnazi, na haking'olewi hata watu wa mji wanapohama. Wachuuzi wamelishika jambo hili la mwisho na kuligeuza hoja: eti vigango vimetelekezwa. Kwa mantiki hiyo, makaburi ya nguzo ya Mnarani nayo yangekuwa mali ya mpita njia!

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Punde si punde vikaibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kilionekana katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois, na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Udvardy na wenzake, Linda Giles na John Mitsanze, walichapisha mwaka 2003 kuwa walikuwa wamehesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Kile cha Illinois kilirudi kwa wenyewe mwaka 2007. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yakaamua kurejesha 30.

Wapo wanaodai kwamba bila wakusanyaji hao, mchwa wangekwisha kuvimaliza. Hoja hii haina uzito. Kigango huachwa kioze mahali pake. Kuoza huko ni sehemu ya maana yake.

Lililo zito zaidi ni kwamba ile picha ya 1985 ndiyo iliyofanya kazi ya sahihi. Vigango vingi vilivyoko ughaibuni havina picha wala jina, na jumba la makumbusho linalotaka kuvirejesha halijui limkabidhi nani. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Idara zetu huwatuma wanafunzi nyanjani kukusanya methali na nyimbo za arusi, nao hurudi na shehena ya vitendawili ambavyo tayari vimo vitabuni. Mwanafunzi atokaye Junju, anayekielewa Kichonyi au Kigiriama, angeweza kuketi na wazee na kuandika, kwa idhini yao, kigango kipi kilisimamishwa kwa ajili ya nani, na nani, katika mji upi. Orodha hiyo isichapishwe kiholela, maana wezi nao husoma. Ibaki kwa wazee wa kaya, na nakala moja tu itunzwe na Makumbusho ya Taifa.