Safu ya Saba: Waraka wa Wazi kwa Kamati ya Kupandisha Vyeo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupandisha Vyeo vya Wanataaluma.

YAH: KUPIMA KAZI YA MTAFITI WA BIOLOJIA YA MOLEKULI

Ndugu Mwenyekiti,



Fomu anayojaza mwanataaluma akiomba kupanda cheo ina safu nyingi, lakini ya saba ndiyo inayoamua. Humo anaorodhesha idadi ya makala zake, mara ngapi zimerejelewa na watafiti wengine, alama yake ya h, na kipimo cha uzito wa kila jarida alikochapisha. Faili la mtafiti mmoja wa idara yetu limerudishwa na maelezo ya mstari mmoja, kwamba mchango wake binafsi hauonekani. Nimezisoma makala zake. Mchango unaonekana, ila hauonekani kutokea safu ya saba. Jina lake silitaji hapa, mnalo.

Nianze na ninachokubaliana nacho. Nambari hazikuingia kwenye fomu kwa bahati mbaya. Wazee wa vyuo wanaukumbuka uprofesa uliopatikana kwa kujuana, kwa kukaa sana kazini, au kwa kutomuudhi mkuu wa idara. Nambari zilikuja kuwa dawa ya hayo: hazina mjomba, hazina kabila, haziombi chai. Anayetaka zifutwe aseme kwanza ataweka nini mahali pake, maana mlango ukibaki wazi mjomba atarudi. Mimi siombi zifutwe. Naomba kamati ijue zinahesabu nini.

Alama ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye alama ya 12 ana makala 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12. Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba haishuki: mtu anaweza kuacha kuingia maabara na alama ikaendelea kupanda. Vilevile haijui aliyerejelewa kwa kusifiwa na aliyerejelewa kwa kukanushwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, na bado imerejelewa kuliko kazi nyingi za madaktari waaminifu. Tena alama yenyewe inategemea umefungua kanzidata ipi. Google Scholar, Scopus na Web of Science zinaweza kukupa alama tatu za mtu yuleyule siku ileile. Fomu haisemi itumike ipi, kwa hiyo wajanja hutumia iliyo kubwa na waungwana hutumia iliyo karibu.

Kwetu kuna pia tatizo la majina. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Mhariri wa jarida moja atalichukua la babu kuwa la ukoo, wa jingine atalichukua la baba, na kanzidata itaona watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi. Namba za utambulisho wa watafiti za ORCID zilianza kutolewa mwaka 2012 ili kutibu hilo hasa. Fomu haina pa kuziandika.

Hayo ni ya sayansi zote. Biolojia ya molekuli ina yake. Kwa hesabu za Web of Science, makala iliyorejelewa mno kuliko nyingine ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika kwa kuangalia rangi ya buluu inayojitokeza. Imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Lowry mwenyewe alikiri kwamba si makala kubwa. Ile ya James Watson na Francis Crick ya 1953, iliyoeleza umbo la DNA, haikuwamo hata katika orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi ambayo jarida la Nature liliitoa mwaka 2014. Kwa mtu wa maabara hakuna ajabu hapo. Njia ya kazi hutajwa na kila anayeitumia, ila ugunduzi ukishaingia kwenye vitabu vya shule hakuna anayehangaika kutaja ulikotoka. Wingi wa marejeleo unaonyesha kitu kinachotumika, na hilo si dogo, lakini ni tofauti na ukubwa wa wazo.

Sasa kipimo cha uzito wa jarida. Chanzo chake ni kazi ya Eugene Garfield na mwenzake ya miaka ya 1960, walipokuwa wakichagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yao. Kwa kawaida huhesabu marejeleo ya mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita tu. Ni kipimo cha jarida, kamwe si cha mwandishi. Kwa nini miaka miwili ni hatari kwetu? Niruhusuni nikae kidogo Newala, kusini mwa Tanzania.

Mwaka 1952 homa isiyojulikana ilizuka huko, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ikawaacha watu na maumivu makali ya viungo. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden akaandika mwenendo wa mlipuko wenyewe, na makala zote mbili zikatoka 1955. R. W. Ross akafuata mwaka 1956 na maelezo ya jinsi kirusi kilivyotengwa na kuchunguzwa. Ni kazi iliyoanzia vijijini Tanganyika ikapitia taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Leo ingekuwa makala moja yenye waandishi 20. Kirusi ni cha chikungunya.

Hebu mwekeni Ross mbele ya kamati yenu mwaka 1958, miaka miwili baada ya kuchapisha. Angekuwa na nini zaidi ya homa ya wilaya moja? Ugonjwa ulionekana baadaye Asia, ukavuma na kutulia. Kisha mwaka 2004 ukalipuka Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa. Mwaka 2005 na 2006 ukafika Réunion na kuugusa takriban theluthi ya watu wake. Watafiti waliposoma vinasaba vya kirusi cha Réunion waliona badiliko dogo, asidi amino moja katika nafasi ya 226 ya protini ya E1, na majaribio yakaonyesha kuwa badiliko hilo linakirahisishia kirusi kuenezwa na mbu aina ya Aedes albopictus. Lakini badiliko huonekana kwa kulinganisha na cha zamani, na cha zamani walichokitumia ni kirusi kilichotengwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zaidi ya nusu karne baadaye, sampuli ya mgonjwa wa Kusini ndiyo iliyokuwa kielelezo. Wagonjwa waliotoa damu hawamo kwenye orodha yoyote ya waandishi, lakini hilo lina waraka wake.

Muhogo una habari ya namna hiyo. Ugonjwa wake wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey akiwa Amani, milimani Usambara, na kwa miongo mingi ukachukuliwa kuwa shida ya ukanda wa pwani, hadi ulipoonekana Uganda mwaka 2004 na kusambaa Kanda ya Ziwa.

Mtanijibu kwamba kamati haiwezi kumngoja mtu miaka 50. Kweli. Wapo pia wanaopenda kumtaja Katalin Karikó, aliyeshushwa cheo Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995, akachapisha na Drew Weissman mwaka 2005 makala iliyofungua njia ya chanjo za mRNA, na wawili hao wakapata Nobel mwaka 2023. Mfano huo hutumiwa vibaya, kana kwamba kila asiyerejelewa ni Karikó aliyejificha. Wengi wetu si Karikó. Ninachosema ni kidogo zaidi: anayeisoma makala ya Ross angejua mwaka uleule wa 1956 kwamba kazi imefanywa kwa umakini. Haikuhitaji kungojwa, ilihitaji kusomwa.

Nirudi kwenye faili lenu. Mwenzangu anafanya kazi kwenye vimelea vya malaria vinavyoanza kustahimili dawa za artemisinini. Mnajua uzito wake: badiliko la R561H katika jeni ya K13 liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye likathibitishwa kwetu Kagera. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Kuna anayedondosha damu ya mgonjwa kwenye karatasi ya chujio zahanati, anayeikausha na kuitunza, anayetoa DNA, anayeendesha mashine ya kusoma vinasaba, anayepanga data, na anayetafuta fedha. Makala ikitoka ina waandishi makumi kutoka nchi kadhaa. Katika fani yetu jina la kwanza ni la aliyebeba kazi na kuandika, la mwisho ni la mkuu wa maabara, na katikati ni msitu. Watafiti wetu wengi wamo msituni humo. Wengine wamo kwa heshima tu, kwa kuwa sampuli zilipita wilayani kwao, na hilo nalo tuseme. Wengine ndio waliofanya kazi isianguke.

Kanuni yenu inagawa alama kwa idadi ya waandishi. Makala ya watu 40 inampa kila mmoja moja ya arobaini, na aliyetia sahihi barua moja anapata sawa na aliyeshinda maabara misimu mitatu ya mvua. Ni kama kugawa nauli ya jahazi sawasawa kati ya nahodha na abiria. Na vijana wanaona. Wanashauriana waepuke miradi mikubwa, wakate utafiti mmoja vipande vitano vyembamba, wapeleke kwenye majarida yanayochapisha chochote mradi ada imelipwa. Safu ya saba itawapenda.

Pendekezo langu halihitaji bajeti mpya. Mwombaji alete makala tano anazozichagua mwenyewe, na kwa kila moja aandike nusu ukurasa kwa lugha ya kawaida: nini kilijulikana baada ya makala hii ambacho hakikujulikana kabla, na yeye alifanya nini hasa. Siku hizi majarida mengi huchapisha tamko la mchango wa kila mwandishi, kwa hiyo uongo utagundulika. Makala zipelekwe kwa wasomaji wawili wa fani hiyo nje ya chuo, waandike maoni yao na kuyatia sahihi. Mipangilio ya vinasaba iliyowekwa kwenye kanzidata za umma kama GenBank ihesabiwe kuwa kazi, pamoja na mafundi sanifu waliofunzwa. Alama ya h ibaki, ikiwa na jina la kanzidata pembeni, na kazi yake iwe kuuliza maswali: ikipishana mno na maoni ya wasomaji, kamati iulize kwa nini. Mgawanyo kwa idadi ya waandishi ufutwe. Tamko la San Francisco kuhusu kupima utafiti, lililotolewa mwaka 2013, linasisitiza kazi ipimwe kwa ubora wake, si kwa jarida lililoichapisha, na taasisi nyingi duniani zimelitia sahihi. Chuo chetu kinaweza kufanya hayo bila hata kusaini.

Nimeambatisha makala tano za mwenzangu. Ya tatu isomwe na jedwali lake la nyongeza, lile lenye orodha ya sampuli, tarehe na zahanati zilikotoka. Jedwali hilo ni kazi yake, na bila hilo waandishi wengine wasingekuwa na cha kuchambua. Naomba faili lake lirudi mezani katika kikao kijacho, na majibu yaje kwa maandishi.

Wako katika kazi,
Mhadhiri Mwandamizi, Biolojia ya Molekuli