Tusimcheke mzee Amitabh kwa kukalia kiti cha maswali

Juzi tulikuwa mpakani Kobero tukisubiri karatasi za forodha zitoke, kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha kipande cha kipindi cha chemsha bongo cha huko India. Ndani yake alikuwa Amitabh Bachchan, ndevu nyeupe, miwani machoni, akimsomea dada mmoja swali na majibu manne ya kuchagua. Mama mmoja muuza vitenge, aliyeishi kambi ya Mtabila hadi ilipofungwa mwaka 2012, alitazama kidogo kisha akaguna: "Masikini! Steringi mzima leo kazi yake ni kuuliza watu maswali? Basi amefulia."

Tulicheka wote, na mimi nikiwemo. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani niliona kwamba tumemcheka bure.

Ndugu msomaji, kama uliwahi kuishi Kigoma, Kasulu au Ngara, huhitaji kuelezwa Amitabh ni nani. Unakikumbuka kibanda cha video, deki moja, jenereta ikinguruma nje na watoto wakichungulia kwenye matundu ya mabati. Kihindi hatukukijua hata neno, ila tulijua ni wakati gani steringi atakasirika. Zanjeer ilitoka mwaka 1973, Deewaar na Sholay mwaka 1975, Don mwaka 1978, na zote zilitufikia baadaye kwa kanda zilizochakaa. Watu husema steringi hafi, lakini huyu alikufa katika Deewaar na katika Sholay pia, na bado kesho yake watu walilipa kiingilio kumwona akifa tena.

Sasa, alifikaje kwenye kiti cha maswali? Katikati ya miaka ya 1990 alianzisha kampuni ya burudani iliyoitwa ABCL. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandaa mashindano ya Miss World mwaka 1996 mjini Bangalore, ikapata hasara kubwa. Mambo yakaharibika, wadai wakaenda mahakamani. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba deni lilikaribia rupia milioni 900 na kwamba wadai walikuwa wakimfuata mpaka nyumbani. Picha zake za miaka hiyo nazo hazikuwa zikifanya vizuri.

Wewe uliyewahi kukopa mtaji, mzigo ukazama ziwani au ukakamatwa njiani, unajua asubuhi ya namna hiyo inavyokuwa. Wapo wanaohama mji usiku. Amitabh alikwenda kwa mtengenezaji wa filamu, Yash Chopra, akamwambia wazi kwamba hana kazi na anaomba kazi. Akapewa nafasi katika Mohabbatein, iliyotoka mwaka 2000. Mwaka huo huo, tarehe 3 Julai, akaanza kuongoza Kaun Banega Crorepati katika kituo cha Star Plus. Alikuwa na miaka 57. Baadhi ya waliomzunguka walimkataza, wakisema mtu aliyezoea pazia kubwa la sinema hawezi kujishusha kwenye kisanduku cha sebuleni. Yeye akakubali, na madeni akayalipa.

(Wahindi hukiita kipindi hicho KBC kwa kifupi. Sisi tuliokulia ukanda huu, KBC ni ile ya Nairobi, na nitarudi kwake sasa hivi.)

Tena tukitazama kazi yenyewe, iko wapi aibu? Mtu anatoka kijijini, hajawahi kukaa mbele ya kamera, anatetemeka. Mzee anamvutia kiti, anamuuliza habari za mama yake, akilia anampa kitambaa. Mwaka 2011 alikaa mbele yake kijana wa jimbo la Bihar aliyekuwa akilipwa rupia 6,000 kwa mwezi kwa kazi ya kompyuta, akaondoka na rupia milioni 50. Mwaka 2022 Amitabh alitimiza miaka 80 akiwa bado katika kiti hicho. Kazi ile inataka mtu aliyepata akakosa, akapata tena. Kijana wa miaka 25 angeifanya kwa kelele tu.

Nakubali kwamba si kila mahali wazee hutendewa hivyo. Huko Marekani mtindo huu ulianza zamani. Mwaka 1956 Edward G. Robinson na Vincent Price walishindanishwa kwa maswali ya sanaa ya uchoraji, na hao walikuwa wanaijua kweli, kwa hiyo walionekana watu wazima wenye elimu yao. Lakini kuanzia mwaka 1966 kulikuwa na Hollywood Squares, ambamo mastaa tisa waliketi kila mmoja katika kisanduku chake, na kuna jioni mzee aliyekuwa maarufu alionekana kama chombo cha kale kilichowekwa kabatini ili wageni wakitazame. Hilo sililitetei. Tofauti ni kama mzee amepewa kazi ya kufanya au amewekwa tu aonekane.

Na hapa ndipo penye uchungu, maana sisi hata kisanduku hatuwapi. Mzee Ojwang wa Vitimbi alituchekesha kupitia KBC ya Nairobi kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka yake ya mwisho Wakenya walilazimika kuchangishana ili atibiwe macho, naye akafariki Julai 2015. King Majuto, ambaye kanda zake hazikukosekana katika basi lolote la kuja mpakani, aliugua, akapelekwa India kwa matibabu, akafariki Agosti 2018. Tulilia sana. Tukaweka picha zao kwenye simu. Yule Mhindi anayelipwa kila kipindi tukamwita amefulia!

Vituo vya televisheni vya nchi zetu vina michezo ya maswali na bahati nasibu kila wiki, na karibu vyote huongozwa na vijana wanaopiga kelele. Kwa nini kimoja kisimwite mzee wa maigizo anayejua kuongea na watu, kimpe mkataba wa maandishi na malipo ya kila kipindi? Sisemi fulana na kilo tano za sukari mbele ya kamera. Na ninyi wenye maduka ya jumla, mnaolipia matangazo, mna sauti katika hili kuliko waandishi.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule mama palepale, amekalia furushi lake la vitenge. Nikamsimulia habari ya deni. Akataka kujua lilikuwa kiasi gani. Nilipomtajia akachukua simu, akaanza kubadilisha rupia kuwa faranga za Burundi, akaacha kabla hajafika mwisho.

"Na alilipa?"

"Alilipa, mama."

Akamgeukia yule kijana wa simu. "Hebu tuwekee tena, mwanangu. Siku ile hatukusikia yule dada alijibu nini."