MWILI NA KAZI: Mabega na Mikono

Juma hili twataka kuzungumza habari za mabega. Mwezi wa Machi, mvua zilipoanza, kijana mmoja karani, jirani yangu hapa Khwisero, alishindwa kuinua jembe kupita kiuno. Hakuanguka wala hakupigwa. Alikuwa amejaza saruji katika makopo mawili, akayatia kwenye ncha za bomba la chuma, na kila jioni kwa majuma matatu akayainua juu ya kichwa, apate mabega mapana. Shamba la mama yake likachelewa kupandwa, na kila mkulima ajua mavuno ya mahindi yaliyochelewa.

Kosa lake halikuwa uvivu. Kiungo cha bega ni kama tufe lililokaa juu ya kisahani kidogo. Kwa kuwa kisahani hicho hakina kina, mkono waweza kuzunguka pande zote. Na kwa sababu iyo hiyo bega huteguka upesi. Kinacholishika tufe lile ni misuli midogo minne itokayo katika kombe la bega na kulizunguka kama vidole vishikavyo yai. Haionekani katika kioo, basi vijana huisahau. Mganga wa zahanati alimwambia jirani yangu kwamba ndiyo iliyoumia.

Msuli mkubwa uonekanao juu ya bega una sehemu tatu. Kuinua mzigo juu ya kichwa hutumia hasa ya mbele na ya kando. Ile ya nyuma hufanya kazi unapovuta, kama kuvuta kamba ya kisima. Asukumaye tu bila kuvuta, mabega yake huinama mbele, na sisi makarani tumekwisha kuinama mezani.

Mkononi husifiwa tafu, lenye vichwa viwili, likunjalo kiwiko na kugeuza kiganja juu. Lakini msuli wa nyuma, unyoshao kiwiko, una vichwa vitatu nao ni mkubwa zaidi.

Mkulima atacheka: maji ya kuinua ni ya nini, na jembe lipo? Jembe ni zuri, ila hurudia mwendo mmoja, mkono ule ule ukitangulia. Badili mikono. Tena, tazameni Julius Yego wa Nandi, jirani zetu, aliyerusha mkuki mita 92.72 huko Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Mkuki ni gramu 800 tu, lakini nguvu ile ilianzia miguuni, ikapanda kiunoni, bega likaipokea mwisho.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kila juma. Si kila siku, maana msuli hujijenga katika kupumzika na kula. Chukua mtungi wenye lita 5 za maji, ambazo ni kilo 5. Inama, mkono mmoja juu ya benchi, uvute mtungi hadi mbavuni mara 10, kisha upande wa pili. Halafu jisukume ukutani au sakafuni. Ukifika mara 12 bila kutetemeka, ongeza lita moja. Maumivu yakikuamsha usiku, acha, uende zahanati.

Jirani yangu sasa yuko lita 3. Makopo ya saruji mama yake anayatumia kuzuia mlango wa banda la kuku.