Jiko la Makaa Ndani ya Chumba Kilichofungwa



Baridi ya mwezi wa Juni na Julai ifikapo, wenzetu walio kazini Njombe, Mbeya, Lushoto na Limuru huwamo wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, kisha wakalala. Twaona yatupasa kusema wazi ya kuwa desturi hii huua, na ya kuwa lawama yake si yao peke yao.

Wengi hudhani ya kuwa hatari ni moshi, na makaa yakiisha kuwa mekundu hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 1857 mtaalamu Mfaransa, Claude Bernard, alieleza jinsi iuavyo: hutwaa mahali pa oksijeni katika damu. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Hivyo mtu huvuta pumzi, na mwili wake usipate kitu.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Kisha akili huchanganyikiwa, na mwisho mtu huzimia. Mwenye kichwa asubuhi husema ni malaria. Na watu wawili wakikutwa wamekufa kitandani, majirani hunong'ona uchawi. Twawaomba ndugu zetu wa zahanati na hospitali wamwulize mgonjwa wa namna hiyo maswali mawili: Je, ulilala na jiko? Je, wa nyumbani mwako nao wanaumwa? Wala kile chombo cha kubana kidoleni kisiwadanganye, maana kile cha kawaida hakipambanui oksijeni na sumu hii. Kipimo cha hakika ni cha damu, kionyeshacho kiasi cha sumu iliyomo.

Dawa yake si maziwa, kwa kuwa sumu imepita mapafuni, si tumboni. Na aliyezimia akinyweshwa aweza kupaliwa. Fungueni mlango, mtoeni nje upesi, mpelekeni hospitali apewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 au 5 hivi kutoka damuni. Kwa oksijeni safi, saa 1 na nusu hivi. Mwenye mimba apewe kwa muda mrefu zaidi, kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Na aliyepona aangaliwe kwa majuma kadhaa, kwani kupotewa na kumbukumbu kwaweza kuja baadaye.

Lakini twauliza: ni nani amwekaye askari wa zamu katika kibanda cha bati, pasipo koti zito wala blanketi? Mtu atetemekaye usiku kucha atautafuta moto, hata akionywa mara mia. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kila mwajiri awape walinzi mavazi ya baridi, na kila chumba cha watumishi kiwe na matundu ya hewa. Nasi, hata tukiyapata matundu hayo, tuliache jiko nje kabla ya kulala. Wahenga walitufundisha kuziba ufa; bali penye makaa, ufa ni uhai.

Wasalaam,
Kamati ya Jarida